Muulize Fundi: Linux ndani ya Windows bila kumfukuza mwenye nyumba

Mwezi huu maswali yenu karibu yote ni ya kitu kimoja mpaka nikadhani mmeambiana. Tangu vyuo vifunguliwe watu wananiandikia ati wameambiwa waje na Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta kama Windows, wengine fundi wa mtaani amewaambia lazima Windows ifutwe yote ndio Linux iingie, wengine washajaribu na sasa wanalia. Nilikuwa nimeahidi kuongea mambo ya printa. Printa itangoja.

SWALI: Sasa fundi. Niko mwaka wa pili, nakaa Kahawa Wendani. Laptopu yangu ni zile za ex-UK, mitumba ya Uingereza, ramu giga 8, SSD ya 256, iko na Windows 11. Mwalimu ametuambia wiki ijayo kila mtu awe na Linux. Rumeti wangu anasema tufute Windows tuweke Ubuntu, hiyo aina moja ya Linux, jioni moja imeisha. Lakini hii laptopu si yangu peke yangu, wikendi kaka yangu anaitumia kwa hesabu za duka na programu yake ni ya Windows pekee. Nisaidie kabla rumeti hajaanza. – Wa Pili, Kahawa Wendani

JIBU: Mwambie rumeti aweke hiyo flashi chini kwanza. Kufuta Windows ni kazi ya jioni moja kweli, hajakudanganya, shida ni Jumamosi kaka akija na daftari lake la duka. Mimi 2011 nilifanya hivyo hivyo kwa haraka, nikafika pale kwenye ukurasa wa kugawa diski nikachagua ile ya juu kabisa bila kusoma, nikabonyeza endelea, na picha zote za harusi ya binamu yangu zikaenda. Kopi hakukuwa mahali popote. Mpaka leo huyo binamu akiniona nimeshika laptopu ananiuliza kama nimekuja kumalizia video.

Hauna haja ya kufuta chochote, wala kugawa diski. Linux inaweza kukaa ndani ya Windows vile mpangaji anakaa kwa ploti ya mtu, ana chumba chake na kufuli yake, lakini stima inatoka kwa mita ya mwenye nyumba. Hiyo mita ndio ramu yako, na tutairudia huko chini maana kuna mtu wa South B analia nayo.

Kwako wewe dawa inaitwa WSL, yaani Windows Subsystem for Linux, na imetoka kwa Microsoft wenyewe. Inachekesha ukikumbuka kuwa 2001 mkuu wao wa wakati huo, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani, halafu 2016 kampuni hiyo hiyo ikatangaza imeiwekea Linux chumba ndani ya Windows. Toleo la kwanza lilikuwa kama mkalimani wa kortini, programu ya Linux ikiomba kufungua faili, WSL inasikia, inageuza ombi liwe la lugha ya Windows, inarudi na jibu. Linux yenyewe haikuwepo pale, ilikuwa tafsiri tu, na kama kortini kuna maneno yalikuwa yanapotea njiani, programu zingine zikawa zinakataa. WSL 2 ilitangazwa 2019 ikatoka na Windows 10 ya Mei 2020, na hii ndio utaweka: ndani kuna keneli halisi ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ile aliyoianzisha Linus Torvalds 1991, inatembea ndani ya mashine pepe ndogo, kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, ambayo inawaka kabla hujameza mate. Mei 2025 wakaachilia hadi msimbo wa programu ya WSL yenyewe uwe wazi, mtu yeyote asome.

Kuiweka ni hivi. Bonyeza Start, andika PowerShell, kliki kulia uifungue kama administreta, kisha andika wsl --install halafu Enter. Ni vistari viwili, watu wanaweka kimoja halafu wananiandikia ati haifanyi. Itashusha vitu vyake, itakuambia uzime na uwashe, ukirudi Ubuntu inakuuliza jina na paswadi mpya. Hapo ndio wengi wanaingiwa na baridi: unaandika paswadi na hakuna kitu kinaonekana, hata nyota hakuna. Kijana mmoja alinipigia saa nne usiku akiwa na hakika kiboodi imekufa. Haijakufa, ni makusudi, ili aliyekaa nyuma yako kwa matatu asijue hata herufi ni ngapi. Andika hivyo hivyo, Enter, rudia mara ya pili, umeingia. Ukishaingia andika sudo apt update, ikimaliza sudo apt upgrade, ili uanze na vitu vipya.

Windows Home inatosha, usidanganywe ununue Pro. Wenye Windows 10 wanahitaji toleo la 2004 kwenda juu, na hiyo 2004 si mwaka bwana, ni mwaka wa 20 mwezi wa 04, andika winver kwenye Start utaona yako. Na bando usiogope, Ubuntu ya WSL ni chini ya giga moja kushusha kwa sababu haina madirisha na mapambo, wakati Ubuntu kamili ya dawati, ile ya 24.04, inakaribia giga 6. Hata hivyo kama chuo kina Wi-Fi fanya ukiwa chuo, si unajua vile bando hupotea.

Kitu ambacho walimu husahau kusema: usiweke kazi zako kwa diski C. Ukiwa ndani ya Linux, diski C inaonekana kama /mnt/c, na kila mtu anakimbilia huko kwa sababu ndio anapajua, halafu analalamika Linux ni polepole. Kila faili ya huko inavuka ukuta kati ya mifumo miwili, na ukiwa na mradi wa maelfu ya vifaili vidogo utaenda kununua chapati urudi bado inahesabu. Andika cd peke yake, hiyo inakurudisha kwa folda yako ya nyumbani ya Linux, weka kazi huko. Ukitaka kuziona kwa upande wa Windows, fungua folda yoyote uangalie chini kushoto utapata pengwini, ama ukiwa ndani ya Linux andika explorer.exe na nafasi na nukta moja, Windows inafungua folda hiyo hiyo uliyosimama.

Kama mwalimu anataka muinstoli Linux kuanzia sifuri, mgawe diski, muone inavyowaka, hapo WSL haitakufaa, utahitaji VirtualBox, programu ya kuwasha kompyuta nzima ya kuigiza ndani ya Windows, nimeiongelea huko chini kwa mtu wa Githurai. Muulize kwanza anataka gani. Na ukiwa hapo mwambie rumeti wako kuwa hilo jina Ubuntu, ambalo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alilipa mradi wake 2004, ni la Kizulu na Kixhosa na ni ndugu wa neno letu utu, kwa hivyo asitumie kitu cha utu kumfutia mwenzake hesabu za duka.

SWALI: Fundi, nimefanya hiyo ya wsl nikaletewa 0x80370102 na maneno marefu ya Kizungu. Nimerudia mara tano. Laptopu nilinunua tauni ni HP. – Aliyekwama, Rongai

JIBU: Hata ukirudia mara hamsini. Hiyo namba inasema prosesa haijaruhusiwa kubeba mgeni, yaani mashine pepe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nenda Performance, kliki CPU, uangalie chini palipoandikwa Virtualization. Nina hakika utakuta Disabled.

Prosesa yenyewe inaweza. Intel walianza kuweka hiyo kitu 2005, AMD wakafuata 2006, na hizi ex-UK zinazouzwa Luthuli na Moi Avenue ni za juzi ukilinganisha na hapo. Imezimwa tu kule chini kwa baiosi, ile programu ndogo inayoamka kabla ya Windows, na hapo Windows haina usemi.

Zima laptopu kabisa. Iwashe huku unagonga F10 kama mtu anabisha mlango wa caretaker, usishikilie, gonga tu mpaka skrini nyingine itokee. Hiyo ni HP, Dell ni F2, Lenovo mara nyingi F1 ama F2. Kwa mashine zingine mausi haifanyi kazi huko ndani, unatembea na mishale. Tafuta maneno Virtualization Technology, kwa HP zingine yako chini ya Security, zingine Advanced, weka alama, toka ukikubali kuhifadhi, kisha uzime kabisa uhesabu kumi ndio uwashe, maana kuna HP nimeshika ambazo ukirestati tu bila kuzima hazioni mabadiliko.

Lakini ngoja, usiende bado. Kama diski yako imefungwa na BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, na Windows 11 nyingi huifunga bila kukuuliza, ukigusa baiosi inaweza kukuitisha funguo ya namba 48 kabla iwake. Ingia kwanza kwa akaunti yako ya Microsoft uangalie kama hiyo funguo iko, uiandike kwa karatasi. Kwa karatasi, si kwa laptopu hiyo hiyo. Na ukikuta baiosi yenyewe inaitisha paswadi, hiyo ni ya kampuni iliyokuwa na laptopu kabla yako, mrudishie aliyekuuzia aitoe, ni jukumu lake hilo na usikubali akulipishe.

Ikiwa Virtualization ishasoma Enabled na bado inakataa, andika kwenye Start maneno turn windows features, tafuta Virtual Machine Platform kwa ile orodha, weka tiki, restati.

SWALI: Niliandika skripti, faili ya amri za Linux, kwa Notepad vizuri kabisa, nikaipeleka Ubuntu, inasema /bin/bash^M: bad interpreter. Hiyo M imetoka wapi na mimi sikuandika M? – Zimmerman

JIBU: Uliandika, ni vile haukuiona. Windows ikimaliza mstari inaweka alama mbili, moja ya kurudi mwanzo wa mstari na moja ya kushuka chini, tabia iliyorithiwa kutoka zile mashine za kupiga chapa ambapo kurudisha roli mwanzo wa mstari na kupandisha karatasi ni vitu viwili tofauti. Linux inaweka moja tu ya kushuka. Sasa ile ya kurudi, ndio hiyo ^M yako, inabaki imening'inia mwisho wa mstari wa kwanza na Linux inatafuta programu inayoitwa bash-na-kitu, haipo. Andika sed -i 's/\r$//' halafu nafasi na jina la skripti yako. Kwa VS Code, kama ndio programu unaandikia, kuna mahali chini kulia pameandikwa CRLF, kliki ugeuze iwe LF na hautaiona tena.

SWALI: Habari yako fundi. Niko na saiba Kayole, mashine sita za zamani, ramu giga 4 kila moja, Windows 10. Nasikia Windows 10 imeachwa na hizi zangu haziwezi kupanda 11. Kijana wa dada yangu anataka kuweka Linux ndani ya Windows kwa zote ili virusi viishe, maana watoto wa shule wananiletea flashi chafu kila siku. Nimpe ruhusa? – Mama wa Saiba

JIBU: Mama, usimpe ruhusa kwa hiyo njia, ila kijana ana mawazo mazuri, mpe tu njia nyingine.

Kwanza hesabu. Windows 10 ikiwaka tu kabla mteja hajagusa kitu inakaribia kumaliza giga 2, brauza na tabu zake tatu inamaliza zilizobaki. Sasa ulete mgeni juu yake umpe giga 2 atoe wapi? Mashine inaanza kukopa nafasi kwa diski, na hizo diski za kuzunguka za zamani ni polepole, taa ya diski inawaka haizimi, mteja anakaa dakika kumi akingoja herufi zitokee na wewe unamhesabia pesa, mtakosana. Halafu hata ungekuwa na ramu, mgeni hamlindi mwenyeji. Flashi inachomekwa kwa Windows kwanza, virusi vinaingia sebuleni hata kama mgeni amefunga chumba chake vizuri.

Kweli Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa kuna mpango wa kusajili mashine iendelee kupata viraka vya usalama hadi Oktoba 2026. Ningekuwa wewe, mashine mbili ningeziacha na Windows na kuzisajili kwa huo mpango, kwa sababu ya watu wa ritani za ushuru. Unajua mwenyewe kuanzia mwezi wa sita mpaka tarehe 30 foleni inafika nje, na zile fomu za Excel za iTax zina makro, amri za kujiendesha, ndani yake, hizo zinataka Excel yenyewe, usijaribu ujanja na mteja anaogopa faini. Ramu ya hizo mbili uongeze ifike 8 ukiweza, ya mitumba haina gharama kubwa.

Hizo nne zingine ndio sasa kijana afute kabisa aweke Linux moja kwa moja bila Windows chini yake, na asiweke Ubuntu kubwa, aweke Lubuntu ama Linux Mint ya Xfce ambazo ni nyepesi. Kuandika CV, kuingia eCitizen, kuprinti, barua pepe, yote inafanyika. Ila kabla ya kufuta awashe kwanza kutoka kwa flashi bila kuinstoli, aone Wi-Fi inashika na printa yako inatoa karatasi. Printa ikikataa hapo, itakataa hata baadaye.

Na kuna zawadi ndani yake mama. Unajua ile virusi inayogeuza folda za watu kuwa vimshale, mtu anakuja analia kazi yake imepotea? Haijapotea, imefichwa tu na imewekewa njia za mkato za uongo mbele. Linux haifuati hiyo alama ya kuficha ya Windows, kwa hivyo ukichomeka flashi kwa hizo mashine nne utaona folda zote za kweli zimekaa pale, na kando yake vile vimshale na faili moja ngeni ya vbs ama exe. Unafuta hizo, unakopi kazi ya mtu, unamrudishia. Weka karatasi hapo mlangoni, tunasafisha flashi. Watalipa.

SWALI: Fundi nimeweka WSL kitambo, nafanya kazi za mbali na ni nzuri, lakini mchana laptopu inakuwa nzito kama imebeba simiti. Nikiangalia naona kitu inaitwa VmmemWSL imekula giga 8 kati ya 16. Na diski pia inaisha na sijui nini inaijaza. – South B

JIBU: Ndio ile mita. Huyo VmmemWSL ndio mpangaji wako mwenyewe, na kama haujamwekea kipimo ameruhusiwa kufika nusu ya ramu ya nyumba. Linux ina tabia ya kushika ramu kuweka akiba ya faili ilizosoma, kwa yenyewe hiyo ni akili nzuri, lakini mwenye nyumba anabaki hana pumzi.

Fungua Notepad uandike mistari mitatu: wa kwanza [wsl2], wa pili memory=4GB, wa tatu processors=2. Uhifadhi kwa folda yako ya mtumiaji, ile ya C:\Users na jina lako, kwa jina .wslconfig likianza na nukta. Notepad itajaribu kuongeza .txt mwisho bila kukuambia na ndio maana watu wengi wanasema hiyo faili haifanyi kazi, kwa hivyo pale kwa aina ya faili chagua zote kabla ya kuhifadhi. Kisha kwa PowerShell andika wsl --shutdown na ufungue Ubuntu upya. Hiyo amri ya shutdown uijue kama jina lako, jioni ukimaliza kazi iandike na ramu yote inarudi papo hapo.

Diski ni hadithi nyingine. Linux yako yote imekaa ndani ya faili moja kubwa inaitwa ext4.vhdx, na hiyo faili inajua kunenepa tu. Ukifuta giga 20 ndani ya Linux, ndani pamekuwa wazi, lakini kwa Windows faili imebaki vile vile. Ya kuipunguza ni diskpart ya Windows: zima WSL, fungua diskpart, andika select vdisk file= ikifuatwa na njia kamili ya hiyo faili ndani ya alama za kunukuu, kisha attach vdisk readonly, kisha compact vdisk, ungoje, halafu detach vdisk. Kabla ya hiyo yote chukua kopi, wsl --export Ubuntu D:\kopi.tar, kama D yako ina nafasi. Na tafadhali ukiona mtu mahali amekushauri wsl --unregister, jua hiyo inafuta Linux na kila kitu chako ndani yake na haiulizi una uhakika. Haiulizi kabisa.

SWALI: Nina mashine ya mezani, ramu 8, naitumia kwa masomo ya netiwaki na VirtualBox. Jana stima ilipotea nikiwa katikati ya kazi, leo VirtualBox inaonyesha Ubuntu yangu ni Inaccessible. Kazi ya muhula mzima iko humo. Nimekwisha? – Githurai 45

JIBU: Haujakwisha. Usifute kitu, na hasa usibonyeze Remove.

Nenda C:\Users, jina lako, VirtualBox VMs, folda ya hiyo Ubuntu. Kuna faili mbili za kuangalia. Ile kubwa ya .vdi ndio diski ya mgeni, kazi yako iko humo. Ile ndogo ya .vbox ni maandishi tu, inasema mgeni ana ramu kiasi gani, diski yake iko wapi. Stima ikipotea wakati VirtualBox inaandika hiyo ndogo inabaki tupu, angalia ukubwa wake nadhani utaona 0 KB. Sasa kando yake kuna nyingine inaishia .vbox-prev, hiyo ni kopi ya kabla ya hapo ambayo VirtualBox huweka yenyewe. Funga VirtualBox, ile tupu uipe jina lingine, tengeneza kopi ya .vbox-prev uipe jina la ile ya kwanza likiishia .vbox, fungua tena. Nimeona mtu akilia halafu dakika nne baadaye anacheka, kwa hii faili moja.

Ikiwaka halafu isimame kwa skrini nyeusi yenye neno initramfs, soma mistari ya juu yake, itakuambia diski gani inataka kukaguliwa, mara nyingi ni /dev/sda2, andika fsck -y na jina hilo, ikimaliza andika exit.

Baada ya hapo jifunze kuchukua snapshot kila kabla ya zoezi, ni kama kupiga picha ya mashine nzima, ukiharibu unarudi pale. Na kwa masomo ya netiwaki na ramu yako ya 8 usiwashe Ubuntu mbili za dawati pamoja, weka za sava zisizo na madirisha, giga moja kila moja, uziunganishe na Internal Network ndio zipigiane ping bila kugusa Wi-Fi ya nyumba. Ukiona kobe wa kijani chini ya dirisha la mgeni, ujue hilo jina ni la kweli, VirtualBox inatembea juu ya haipavaiza ya Windows, kile kitu kinachobeba mashine pepe, ile ile ya WSL 2, na inakuwa kobe. Zitumie zote mbili ukitaka, lakini uwe na subira.

Umeuliza pia kama ni halali, nimeona hapo chini kabisa kwa barua yako. VirtualBox yenyewe ni chanzo huria na ni bure hata kazini. Ile nyongeza ya Extension Pack inayoshushwa kando ndio ina leseni yake, nyumbani na masomoni ni bure, ofisini soma kwanza.

SWALI: Mimi sina laptopu, nina simu tu ya Android. Nijifunze Linux aje? – Kibra

JIBU: Simu yako tayari inatembea juu ya keneli ya Linux ndugu yangu, Android yote imejengwa hapo. Shusha Termux, programu ya kuandikia amri za Linux, kutoka F-Droid, duka la programu huria. Fungua, andika pkg update, kisha pkg install proot-distro, kisha proot-distro install debian, mwisho proot-distro login debian. Uko ndani ya Debian, aina nyingine ya Linux. Hii si mashine pepe kama za hawa wengine, inatumia keneli ile ile ya simu na kuidanganya programu kuwa folda fulani ndio mwanzo wa dunia, kwa hivyo haihitaji kuruti simu, yaani kuifungua mamlaka yote, wala haiharibu dhamana.

Acha giga 3 ama 4 wazi kwa simu kabla ya kuanza. Kuanzia Android 12 simu ina tabia ya kuua kazi za chini kwa chini, ukiona signal 9 na dirisha limekufa ni hiyo, usiache kazi nyingi zikitembea huku umeingia WhatsApp. Tafuta kebo ya OTG, ya kuchomeka USB kwa simu, hapo tauni na kiboodi yoyote ya USB hata ya mitumba, chomeka, geuza simu ilale. Zile amri nilizomwandikia wa Kahawa Wendani baada ya kuingia Ubuntu, apt update na apt upgrade, zinafanya kwako pia, ila utoe sudo kwa sababu hapo Debian inakuchukulia wewe ndio mkubwa.